Mwaka wa Kulala Kifudifudi

Mwalimu Naelijwa alikuja Jumapili iliyopita baada ya ibada, akateremka hapa kwangu Keko na kapu la makande lililofunikwa kitambaa, utadhani huku hatuna jiko. Tulikuwa hatujaonana muda mrefu. Yeye yuko Ukonga, na mie siku hizi safari ya kuunganisha magari siipendi tena. Alipokuwa anavua viatu mlangoni nikamwona anajishikiza ukutani kwa mkono wa kushoto. Nikamuuliza, "Bado wa kulia?" Akajibu, "Bado wa kulia, mwenzangu. Na wako?" Nikamwambia, "Wangu wa kushoto upo, unaniamkia asubuhi halafu unakwenda zake." Mjukuu wangu Mwanahawa alikuwa ukumbini anachambua mchele, mwanawe kamlaza pembeni, akaangua kicheko: "Nyie bibi zangu badala ya kuulizana hali mnaulizana miguu!" Tukacheka naye, lakini mie moyo ulishakwenda mbali. Watu wengi wana mwaka wao, wa ndoa, wa mafuriko, wa kuhamia mjini. Mie wangu niliupata uzeeni, nimeshavuka sitini, na sehemu kubwa ya mwaka huo niliimaliza nimelala kifudifudi mbele ya kijana wa watu, paja nje, napakwa uji baridi.

Maumivu yalianza kwenye tako la kushoto, yakashuka nyuma ya paja, yakapita kando ya kigimbi hadi kwenye kidole kidogo cha mguu. Si maumivu ya kuuma, ni moto. Nikikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kabla kifuu hakijaisha moto umeshafika kwenye kisigino, nainuka nazi haijakunika. Nikawa napika nimesimama, nakula nimesimama, wageni wakija nawakaribisha waketi halafu mie nawasimamia kama askari. Jirani yangu Bi Pili, mchuaji ambaye mtaa mzima wanamwamini, alinichua kwa mafuta ya nazi na karafuu hadi chumba kikanuka pilau. Siku moja akafuta mikono yake, akakaa kitako, akaniambia, "Bi Zuhura, shoga yangu, nisikufiche. Mshipa huu umekauka. Mshipa ukishakauka ndio basi tena. Wewe sasa ni wa kukaa uchezewe ngoma." Neno hilo la kukaa nichezewe lilinichoma kuliko mguu wenyewe. Mwaka ule ndio Mwanahawa alikuwa anatolewa ndani, na kwetu mwali akitolewa bibi mzaa mama ndiye anayetangulia mbele ya ngoma ya mdundiko, kwa miguu yake, anacheza, kutoka nyumbani mpaka kwa shangazi. Bibi yangu Mwanamvua alinitangulia mie. Mie nilimtangulia dada yake Mwanahawa, Zainabu. Kwa Mwanahawa, shangazi yake Tabu alikuwa Chang'ombe. Nilikuwa nalala nawaza jambo moja tu, kama nitakwenda Chang'ombe kwa miguu au nitawekwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, nipungie watu mkono.

Kliniki, nesi mmoja aitwaye Grace alipoona ninavyopanda kitanda akaniambia, "Mama, kuna wataalamu wamekuja, wanatafuta watu wenye maumivu kama haya yako, ya mguu mmoja. Wanapima mshipa kwa altrasaundi, halafu wanawafundisha mazoezi." Nikasema mie altrasaundi naijua, ile ya wajawazito. Akasema hiyohiyo. Basi nikaenda, na kweli benchi lilikuwa hilohilo, moja tu kwenye korido nzima, wajawazito na sie wenye miguu tumebanana pamoja. Pembeni yangu alikaa binti mmoja, Salha, tumbo limemfika kifuani. Akaniangalia, akaliangalia benchi, akaniangalia tena.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Na wewe umekuja kupima?"

"Nimekuja kupima."

"Wa ngapi huyu?"

"Wa mwisho, inshallah."

Benchi zima lilicheka, mwingine akamwambia Salha anyamaze asije akajifungulia hapo. Upande wangu wa pili alikuwa mama mmoja mrefu, kavaa gauni la kitenge na miwani ina kamba shingoni, kakaa upande mmoja wa tako kama mie. Hakucheka. Akasema kwa sauti ya darasani, "Mimi wangu ni mapacha. Mmoja yuko kiunoni, mwingine mguuni." Huyo ndiye Mwalimu Naelijwa Mbwambo, Mpare wa Same, kafundisha shule za msingi mpaka kustaafu. Kabla hatujaitwa alishanifungulia kontena la makande na kunipa kijiko, na mie nilishamwambia kwamba nyie Wapare kwa kupenda kesi mtaupeleka hata mshipa mahakamani. Akasema, "Na nyie Wazaramo hata mguu ukikatika mtaufuata ngomani." Hakujua amegusa wapi. Nikamweleza habari za Mwanahawa na mdundiko, na maneno ya Bi Pili kwamba mshipa umekauka. Akaacha kutafuna. "Umekauka? Nani kauona?"

Mpimaji alikuwa kijana mwembamba, Daktari Onesmo, mpole, anaamkia kabla hujaingia vizuri. Alikuwa na mwenzake wa mazoezi, binti anaitwa Rehema, mikono yake ina nguvu kama ya mpishi wa shughuli. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda, mashine, feni inayolia, na kabati moja la chuma ukutani. Rehema akanifunika kanga yangu mwenyewe, akaacha nyuma ya paja tu wazi. Onesmo akanieleza taratibu, na mpaka leo nashukuru kwamba hakuniharakisha. Alisema hiki si mshipa wa damu, ni neva, kamba ya fahamu, inatoka kiunoni inashuka mpaka unyayoni, na ndiyo nene kuliko zote mwilini. Wao walitaka kujua kama kwa watu wenye maumivu kama yetu kamba ile inakuwa ngumu kuliko ile ya mguu mzima, na kama ikifanyishwa mazoezi inalainika. Nikamuuliza ataujuaje ugumu bila kuushika. Akasema mashine inausukuma kidogo kwa ndani, wewe husikii kitu, halafu inaangalia mtikisiko unakwenda upesi kiasi gani. Kwenye kitu kigumu mtikisiko unakimbia, kwenye kitu laini unajikokota. Hilo nililielewa. Mie nakaa Keko, nimezungukwa na maseremala. Namwonaga fundi anagonga ubao kwa kidole, anasikiliza, anauweka pembeni au anauchukua.

Sasa balaa ikaja. Lile kabati la chuma ndimo zilimokuwa glavu za korido nzima. Kila baada ya muda mlango unafunguliwa, mtu anaingia. Na mtu akiingia anasema nini? "Shikamoo bibi." Mie nimelala nimewapa watu mgongo, paja nje, tayari nina haya zangu, halafu mtoto wa watu ananiamkia. Nikainua kichwa, nikageuka: "Marahaba mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?" Onesmo akasema, "Bibi, tulia kidogo." Nikatulia. Akaanza upya. Mlango ukafunguliwa, akaingia mama wa usafi, Mama Tatu, makamo yangu: "Habari za humu jamani?" Nikainua kichwa: "Humu salama, habari za kazi?" Onesmo akaweka kile kidude chake mezani, akakuna kichwa. Akasema neva ile inapanda mpaka kwenye uti wa mgongo, na uti wa mgongo unafika shingoni, kwa hiyo kila ninapoinua kichwa kamba nzima inavutika na paja linakaza. Picha zangu zote za siku hiyo zikawa ovyo, mguu mgonjwa na mguu mzima inasoma sawasawa, yote kama ubao. Tulipokuja mara ya pili alikuwa amebandika karatasi mlangoni, watu wasiingie wakati wa kipimo. Walikuwa wanaisoma vizuri kabisa, halafu wanafungua mlango: "Shikamooni. Kwani leo kuna nini humu?"

Nacheka sasa, siku ile sikucheka. Onesmo alinisubiri nivae, akaniambia kwa adabu yake, "Bibi, naomba unielewe. Nikikosa picha nzuri za mwanzo sina cha kulinganisha baadaye. Tukishindwa na mara ijayo itabidi nikutoe kwenye kundi." Na mazoezi ya Rehema yalikuwa ya wale walio kwenye kundi. Nikatoka pale naiona Chang'ombe inasogea mbali. Nikitolewa, nakwenda wapi? Kwa Bi Pili na karafuu zake. Mwalimu alikuwa kwenye benchi ananingoja, kaniwekea kiazi kitamu na chai ya chupa. Nikamweleza, akatikisa kichwa.

"Si usijibu tu, Bi Zuhura?"

"Nisijibu? Mtoto anipe shikamoo nimwachie mwenyewe mkononi?"

"Unaumwa. Watakuelewa."

"Watasema yule bibi wa Keko ana kiburi, hata kulala kalala kwa kiburi. Wewe ungeweza?"

Akafikiri. Mwalimu ukimuuliza kitu huwa anafikiri kweli, hata kama chai inapoa. Akasema, "Mimi nisingeweza." Tukala kiazi. Kisha akafunga kontena, akasema, "Mara ijayo nitakaa mlangoni. Salamu zako zote nitapokea mimi."

Nilidhani anatania. Mara iliyofuata akaingia na stuli ya kwenye korido, akaiweka nyuma ya mlango, akakaa, mkoba magotini, miwani puani. Onesmo akamtazama Rehema, Rehema akatazama feni. Nikalala, nikafunikwa kanga, nikapakwa ule uji baridi wa mashine. Mlango ukafunguliwa.

"Shikamooni."

"Marahaba," akasema Mwalimu. "Na aliyelala marahaba vilevile. Hajambo, nyumbani kwake hawajambo, mjukuu wake hajambo, anauliza na wewe wako je?"

"Wa... wazima."

"Amefurahi kusikia. Chukua glavu zako, baba, mlango urudishe polepole."

Mie kifudifudi uso nimeuzamisha kwenye mto, nauma mto nisicheke. Akaja mwingine, akapokewa hivyohivyo. Akaja Mama Tatu, habari za humu, Mwalimu akampa habari za humu zote mpaka za mashine. Aliyevuruga kazi siku hiyo akawa Onesmo mwenyewe, alicheka mpaka picha ikapotea, ikabidi aanze upya. Halafu kukawa kimya, feni tu. Nikasikia, "Hapo. Hapo hapo. Rehema, vuta unyayo." Rehema akaukunja unyayo wangu juu taratibu, nikasikia ule moto unaamka nyuma ya paja. "Achia." Ukalala. "Vuta tena." Kisha Onesmo akasema, "Bibi, sasa geuka uone." Akaigeuza mashine. Kulikuwa na kivulivuli cha kijivu, nyama zimelala tabaka tabaka, na katikati kitu chenye madoa meupe, na juu yake rangi. Bluu ni laini, akasema, nyekundu ni ngumu. Wangu ulikuwa na wekundu mwingi, na unyayo ulipovutwa wekundu ulizidi. Ule wa mguu mzima ulikuwa bluu na kijani. Lakini mie sikuwa naangalia rangi. Alinirudishia picha ya unyayo ulipokuwa unavutwa, nikaiona ile kamba inateleza, inakwenda na kurudi kati ya nyama, vile kamba ya suruali inavyopita ndani ya upindo ukiivuta.

"Huo ndio wangu?"

"Ndio wako bibi."

"Unatembea?"

"Unatembea. Ni mgumu kuliko mwenzake, lakini unatembea."

"Kwa hiyo haujakauka."

"Kukauka?" Onesmo hakuelewa nazungumza nini. "Hapana bibi. Haujakauka."

Mwalimu akainuka kwenye stuli yake, akaja kuutazama, akasimama wima kama anakagua gwaride. Akasema, "Mwambie huyo Bi Pili aje aone." Mie nililia, na nilicheka, na ule uji ulikuwa bado haujafutwa ukanichafua kanga yote. Nimekaa na mwili huu miaka yote hiyo, nimezaa nao, nimezika nao watu, nimefua nao, na sikuwahi kudhani kwamba ndani ya paja langu kuna kitu kinafanya kazi kimya kimya kila ninaponyanyua mguu. Tangu siku ile siusemi vibaya mguu huu. Asubuhi unaponichoma nausalimia.

Ilipofika zamu ya Mwalimu nikakaa mie kwenye stuli, nikapokea salamu zake, nikaziongezea na chumvi: mtu akimuuliza hali nasema hajambo ila bado anatafuta mchumba. Lakini kipimo chake kilikuja vingine. Mguu wake wa kulia, ule unaomnyima usingizi, ulisoma bluu sawa na wa kushoto. Laini tu. Mwalimu akavaa miwani yake, akauliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Kwa hiyo nasingizia?" Nilitamani niivunje ile mashine. Onesmo akavuta kiti akakaa, uso wake ukawa sawa na wa Mwalimu, akasema, "Mwalimu, maumivu ni yako, na ni ya kweli. Mashine inapima ugumu tu. Wengine inawasoma wagumu, wengine wanaumwa na haisomi kitu. Ndiyo maana tunapima watu wengi, kwa sababu hatujui." Mwalimu akavua miwani, akasema, "Hicho ulichosema cha mwisho andika kwa herufi kubwa." Tukatoka. Kwenye benchi nilimpa vitumbua nilivyokuwa nimempelekea Grace. Grace alinisamehe.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya Rehema. Alitufundisha kukaa kwenye kiti, kunyoosha goti huku ukiinua uso juu, kukunja goti huku ukiinamisha kidevu, polepole, pasipo kuulazimisha moto. Alisema unaisogeza kamba mbele na nyuma kwenye njia yake. Nilikuwa nafanya nje, barazani, asubuhi na alasiri, na mafundi wa mtaani kwangu hawakuniacha hata siku moja. "Bibi, unakanyaga vizuri ila cherehani yenyewe iko wapi!" Fundi Kondo, aliyekuwa anatengeneza vitanda, aliniletea kiti cha mbao ya mkongo akakikata miguu na kukipiga randa mpaka kikawa kimo changu, akasema kile cha mwanzo kinamuumiza yeye macho. Mwanahawa alikuwa ndani kwa wakati huo, hatoki, namsikia nyuma ya pazia anacheka ninavyobishana na mafundi. Siku moja nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna kifuu kizima, nikakuna na cha pili, ndipo nikakumbuka mguu. Nikampelekea Bi Pili lile tui lote kwenye bakuli. Hakuuliza la nini, na mie sikumwambia. Tulikunywa chai.

Kipimo cha mwisho kilifanyika juma moja kabla ya ngoma. Mwalimu kwenye stuli, mie kifudifudi, salamu zinapokelewa. Onesmo aliangalia muda mrefu. Akasema wekundu umepungua kidogo, ila miguu haijalingana, na hawezi kuapa kama ni mazoezi yamefanya hivyo au ni siku tu imeamka vizuri. Nilimpenda kwa hilo. Nikamuuliza swali langu, kama naweza kuitangulia ngoma.

"Kutoka wapi mpaka wapi?" akauliza.

"Keko mpaka Chang'ombe."

"Unacheza njia nzima?"

"Mdundiko hautembelewi, mwanangu. Unachezwa."

Akamtazama Rehema. Rehema akasema, "Anaweza. Ila moto ukishuka ukapita goti, bibi, unakaa. Mimi nakujua." Nikaahidi. Mwalimu akasema yeye atakuja kuhakikisha.

Na alikuja, kutoka Ukonga, na gauni lake la Krismasi. Akakodi bajaji imfuate nyuma, mguu wa kulia kautoa nje kaupumzisha, anapunga mkono kama waziri. Mwanahawa alitolewa ndani kafunikwa kanga mpya, kang'aa mafuta, akapandishwa begani kwa mjomba wake Shomari, na vigelegele vikaanza mlangoni vikapokewa na nyumba za mbele. Mafundi walizima mashine zao, vumbi la mbao likatua, mtaa ukasikia ngoma peke yake. Wanangu walikuwa wamepanga bila kuniambia: nyuma yangu alitembea binamu yake Mwanahawa, Asha, kabeba kiti cha plastiki. Nikajifanya sijakiona. Nikatangulia. Barabara yote ya vitanda na makabati tuliipita, watu wanaacha kununua wanatufuata, na moto ulipoamka kwenye paja niliusikia, nikausikiliza, haukupita goti. Tulipokaribia Chang'ombe nikahisi kitu kimebadilika. Ngoma ilikuwa inakwenda polepole, imepoa, miguu yangu inaisubiri. Nikageuka, nikawaona wapigaji wananitazama kwa huruma, kiongozi wao Mfaume amewafanyia ishara kwa mkono wapunguze, bibi kachoka.

Nikasimama katikati ya barabara, watu wote wakasimama. Nikamwambia, "Mfaume, kwani hapa nani amekufa?"

Kule kwenye bajaji nikamsikia Mwalimu anapiga makofi. Mfaume akacheka, akainamia ngoma yake, akaipandisha mpaka ikawa ile ya ujana wangu. Nikanyanyua mguu wa kushoto kwanza.